Simu Mfukoni mwa Kanzu: Maalim, Karatasi za Mirathi na Ukurasa wa Kubana PDF

Maalim aliingia dukani na bahasha ya kaki kaishika kwa mikono miwili, na hata alipopewa kiti hakuiweka mezani. Aliipakata. Ndani mlikuwa na karatasi 23: cheti cha kifo cha kaka yake, barua za sheha, vivuli vya vitambulisho vya warithi, na makubaliano ya kugawana shamba la mikarafuu yaliyoandikwa kwa mkono na kutiwa dole gumba. Wakili wa familia yuko Unguja. Alizitaka zote katika faili moja la PDF, lisizidi MB 5.

Duka ni steshenari ya dada yangu, mtoto wa mama mdogo, karibu na soko la Chake Chake. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, naishi Unguja, na nilikuwa nimevuka kuja Pemba kwa siku chache za Idi. Ukurasa wa kubana PDF uliokuwa wazi kwenye kompyuta ya dada niliutengeneza mimi, mwaka mmoja kabla. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa: "Faili lako halitoki kwenye kifaa chako." Niliamini sentensi hiyo inatosha.

Maalim aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaisoma tena.

"Sasa mwanangu, karatasi zangu nikizitia humu zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote, Maalim."

"Na mwengine anayetaka kuziiba, akiulizwa angesema nini?"

Sikuwa na jibu. Mwaminifu na mwizi wangeandika sentensi ile ile, kwa herufi kubwa zile zile. Mwaka mzima nilikuwa najiuliza kwa nini watu wanaufungua ukurasa wangu kisha wanarudi kwenye tovuti za kigeni walizozizoea, na mzee aliyekuja kuskani karatasi za mirathi aliniambia sababu kwa swali moja. Yaliyofuata siku ile, na marekebisho niliyoyafanya wiki zilizofuata, ndiyo nitakayoyachambua hapa kwa faida ya yeyote anayetengeneza zana za namna hii kwa watu wetu.

Hofu ilikotoka

Dada alinisimulia baadaye. Miaka kadhaa nyuma Maalim alitoa vivuli vya kitambulisho chake katika duka jengine, ambalo siku hizi halipo. Kopi mbili zilitoka na weusi, zikatupwa kando. Baada ya muda mjukuu wake alirudi nyumbani na njugu za kuchoma, zile zinazouzwa ndani ya karatasi iliyosokotwa kama pembe. Maalim alipoikunjua ile karatasi alikuta uso wake mwenyewe, nusu umemezwa na wino, na namba ya ZanID inasomeka tarakimu zote. Hakwenda kugombana na mtu. Aliikunja akaitia mfukoni, na tangu siku hiyo akitoa kopi husimama mbele ya mashine mpaka karatasi iliyoharibika ichanwe mbele ya macho yake.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini habari hii ina jambo jengine ambalo mimi nilichelewa kuliona: Maalim ana kipimo chake. Kuhusu karatasi, haulizi duka lina sifa gani wala mwenye duka ni mtoto wa nani. Anasubiri aone kwa macho. Kwenye kompyuta hapakuwa na cha kuona, na mimi nilimletea ahadi mtu aliyezoea kushuhudia.

Wala hofu yake si ya kupuuzwa. Zana nyingi za bure za kubana au kugeuza PDF hulipeleka faili kwenye seva iliyoko nchi nyengine, likafanyiwa kazi huko, kisha likarudi. Nyingi huandika kwamba faili hufutwa baada ya saa moja au zaidi kidogo. Huenda ni kweli. Mtu aliyekaa Chake Chake hana njia yoyote ya kuhakikisha. Mwezi wa Agosti 2019 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta programu hasidi ndani ya CamScanner, app ya kuskani karatasi kwa simu za Android, iliyokuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara milioni 100. Iliingia kupitia kipande cha matangazo, na Google ikaiondoa app hiyo dukani kwake kwa muda. Mwezi wa Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu tovuti za bure za kugeuza mafaili: zinafanya kazi uliyoiomba, huku zikikuingizia programu hasidi na kuchota yaliyomo ndani ya faili. Mtu anapata PDF yake iliyobanwa vizuri, anaondoka kwa furaha, na hana dalili yoyote ya kumwambia kwamba ameibiwa.

Zima mwenyewe

Nilianza kumueleza Maalim namna ukurasa unavyofanya kazi. Kwamba kivinjari cha leo si dirisha la kutazamia tu, kinaweza kufanya hesabu nzito chenyewe. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walianza mradi wa PDF.js mwaka 2011 na kuonyesha kwamba PDF inaweza kufunguliwa na kuchorwa ndani ya kivinjari bila programu nyengine. Mwezi wa Disemba 2019 WebAssembly ikapitishwa rasmi kuwa kiwango cha wavuti, na programu zilizoandikwa kwa lugha nzito kama C na Rust zikawa zinaendeshwa humo humo. Kwa hiyo seva inatoa ukurasa tu. Faili linasomwa kutoka kwenye diski ya mwenyewe, linakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, linabanwa, linahifadhiwa kwenye diski ile ile.

Maalim alisikiliza kwa adabu. Miaka 30 na zaidi kasomesha skuli, anajua kumsikiliza mtoto anayejibu swali ambalo hakuulizwa.

Aliyenikata ni dada. Kompyuta ya duka haina waya wa mtandao. Inapata intaneti kwa hotspot ya simu yake. Akaichukua simu akampa Maalim mkononi.

"Maalim, mtandao wote wa kompyuta hii unatoka humu. Zima data mwenyewe, ukae nayo."

Maalim akazima data. Akatafakari kidogo, akaizima na simu yenyewe. Akaitia kwenye mfuko wa kanzu, akaweka kiganja juu ya mfuko.

"Haya. Fungueni kwanza kitu cha mtandaoni nione."

Dada akajaribu kufungua tovuti ya habari. Kivinjari kikasema hakuna intaneti. Maalim akasogea karibu kusoma maneno yenyewe kwenye skrini. Kisha akatoa karatasi moja tu kutoka kwenye bahasha.

"Anzeni na hii ya sheha. Hii kila mtu anaijua."

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nilipokuwa peke yangu na kompyuta. Mtu mwenye hofu hakuamini kwa mkupuo. Anakupa kwanza kile ambacho kikipotea hakimuumizi. Ukurasa wangu haukuwa na nafasi kwa mtu kama huyo. Ulimtaka achague faili lake la kweli tangu hatua ya kwanza. Siku hizi una kitufe cha "Jaribu kwa karatasi ya mfano", na PDF isiyo na habari za mtu yeyote inakuja pamoja na ukurasa wenyewe.

Barua ya sheha ikaskaniwa, ikabanwa, ikahifadhiwa. Simu bado iko mfukoni mwa kanzu. Maalim akaitazama ile PDF ilivyotoka, muhuri unaonekana, saini inaonekana. Akatoa zile 22 zilizobaki.

"Kumbe hiki ni kinu," akasema. "Mimi nikidhani mnanipeleka mashine ya kusaga."

Nimeirudia kauli hiyo kwa watu wengi tangu siku hiyo, kwa sababu inaeleza kuliko maelezo yangu yote. Ukipeleka nafaka mashineni unamwachia mtu, unasubiri nje, unarudishiwa unga na unatumai ni wako wote. Kinu kiko uani kwako. Ukurasa wa wavuti umekuazima kinu na mchi, nafaka haikutoka nyumbani.

Kijana aliyepinga

Pembeni alikuwa amekaa kijana anayesoma kompyuta chuoni, anasubiri kuprinti barua za maombi ya kazi. Alisubiri Maalim ashughulikiwe, kisha akasema kwa upole:

"Kaka, samahani. Kuzima data hakujathibitisha. Ukurasa unaweza kuliweka faili mahali, mtandao ukirudi ukalituma."

Ana haki kabisa, na hapa ndipo watengenezaji wengi tunapojidanganya. Jaribio la kuzima mtandao linathibitisha kwamba kazi inaweza kufanyika bila seva. Halithibitishi kwamba hakuna kitakachotumwa baadaye. Kivinjari kina sehemu kadhaa ambamo ukurasa unaweza kuhifadhi data, na kina utaratibu wa kuuamsha ukurasa mtandao unaporejea. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kutengeneza zana inayofaulu jaribio la Maalim na ikaiba karatasi zake dakika tano baadaye.

Tulikaa na kijana yule mpaka alasiri tukalisuka upya jaribio. Fungua dirisha la faragha la kivinjari. Fungua ukurasa, subiri uishe kupakuliwa. Kata mtandao. Fanya kazi yako, hifadhi faili. Funga madirisha yote ya faragha. Ndipo urudishe mtandao. Dirisha la faragha likifungwa, kivinjari hufuta kile ambacho ukurasa ulikihifadhi humo, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kutumwa. Hatua hizo sasa ziko kwenye ukurasa kwa Kiswahili chepesi, na dada amezibandika ukutani juu ya kompyuta.

Kisha kijana akabonyeza F12, akafungua sehemu ya kivinjari inayoorodhesha kila kitu kinachotoka na kuingia, akaupakua ukurasa wangu upya. Mistari mingi ilikuwa ya kwangu. Miwili haikuwa. Mmoja ulikwenda Google kuchukua fonti, yaani umbo la herufi, mwengine ulikwenda kwenye kihesabu wageni nilichokiweka ili nijue watu wangapi wanatumia ukurasa.

"Na hizi?"

Faili la mtu halikuwemo katika mistari ile. Lakini anwani ya mtandao (IP, namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni) ya kila aliyefungua ukurasa ilikuwemo, na juu ya ukurasa niliandika mambo yanayomfanya mtu aelewe kwamba hakuna kitu kinachotoka. Niliona aibu ya kweli. Nilijua habari ya mahakama ya Munich, Ujerumani, ambayo mwezi wa Januari 2022 iliamuru mwenye tovuti amlipe mlalamikaji euro 100 kwa sababu tu tovuti ilichukua fonti kutoka Google na hivyo kuipeleka anwani yake ya mtandao bila ridhaa. Nilikuwa nimeisoma hukumu hiyo nikaona ni mambo ya wenzetu wa Ulaya.

Usiku ule ule niliihamisha fonti ikawa ndani ya ukurasa wenyewe, na kihesabu nikakitoa. Hasara yake naihisi: siku hizi sijui kama ukurasa umetumiwa na watu kumi au elfu. Nimekubali kuishi hivyo. Pia niliweka kanuni ya usalama inayokiamuru kivinjari kikatae ukurasa kuwasiliana na mahali popote pengine baada ya kufunguka. Kanuni hiyo anayejua kusoma anaweza kuisoma, na ikitokea nikakosea nikaingiza kipande kinachotaka kutuma kitu, kivinjari chenyewe kitakikatalia.

Kuna aliyesema dukani siku ile, "Lakini si kuna kufuli pale juu?" Kufuli lile lililochorwa kando ya anwani ya tovuti lilimaanisha kwamba njia baina yako na seva imefungwa, wapita njia hawaoni. Halikusema chochote kuhusu tabia ya aliyeko mwisho wa njia. Watu wengi mno walilielewa vibaya, hata Chrome ikaliondoa mwezi wa Septemba 2023 na kuweka alama nyengine.

Neno moja kwenye kitufe

Kitufe kikubwa cha ukurasa wangu kiliandikwa "Pakia faili". Ndivyo zinavyoandika tovuti zote, nami nikaiga. Maalim ndiye aliyenionyesha bila ya kukusudia, pale alipoweka kidole kwenye skrini: "Hapa pameandikwa pakia. Kupakia ni kutia chomboni. Chombo kikishapakiwa hakikai bandarini."

Juu nimeandika faili halitoki. Chini nimemwambia alitie chomboni. Na kazi ikiisha, ukurasa ukamwambia "Pakua", kama kwamba mzigo umerudi kutoka safari. Kwa mtu anayelijua neno kwa maana yake, ukurasa wangu ulikuwa unajipinga wenyewe sentensi mbili mbali. Sasa kitufe cha kwanza kinasema "Chagua faili", na cha mwisho kinasema "Hifadhi kwenye kompyuta hii". Sikubadilisha hata mstari mmoja wa programu, na bado nahesabu kwamba badiliko hili limesaidia kuliko mengi yaliyonichukua wiki nzima.

Kompyuta iliponyamaza

Narudi nyuma kidogo, simu ikiwa bado kwa Maalim. Karatasi zote 23 zilipoingizwa kwa pamoja, faili lilikuwa MB 41. Dada akabonyeza kubana. Skrini ikaganda. Kipanya hakisogei, kivinjari kikapauka. Sekunde zikapita, kisha dakika.

Maalim hakusema kitu. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa kanzu kuhakikisha simu bado imo. Namuelewa. Kwa mtu wa nje, kompyuta iliyonyamaza na karatasi zako ndani yake ni sawa na karani aliyeingia chumba cha nyuma na faili lako akafunga mlango.

Sababu ilikuwa hesabu niliyoipuuza. Ukurasa mmoja wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, karibu milioni 8.7. Ukishafunguliwa kwenye kumbukumbu, kila nukta inachukua baiti 4. Ukurasa mmoja unakula MB 35. Kurasa 23 ni karibu MB 800, na programu yangu ilikuwa inazifungua zote kwa mpigo, kwenye kompyuta ya duka yenye kumbukumbu ya GB 2. Seva kubwa ya mbali isingeshtuka. Faragha ya namna hii inalipiwa na mashine ya mtumiaji, na mashine za Chake Chake si zile tunazojaribia kazi zetu mjini.

Siku ile tuliigawa kazi kwa mafungu matano, tukaunganisha mwisho. Faili likatoka MB 3.6. Baadaye niliandika upya: ukurasa mmoja unafunguliwa, unapunguzwa hadi nukta 150 kwa inchi, ambayo ni robo ya nukta za mwanzo na bado muhuri na saini vinasomeka, kisha unaachiwa kabla ya kufunguliwa unaofuata. Kazi inaendeshwa pembeni ili skrini isigande. Na mstari unamwambia mtu: "Ukurasa wa 7 kati ya 23." Zamani nilikuwa na duara linalozunguka tu, na duara halisemi lolote.

Folda

Tulidhani tumemaliza. Maalim akarudisha simu, akalipa, akasimama, akakaa tena.

"Na hii kompyuta, nayo imebaki na kitu?"

Dada akafungua folda ya Downloads ili amuonyeshe faili lake na kulifuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Folda ilishuka, ikashuka, na haikufika mwisho. Vyeti vya kuzaliwa. Vivuli vya ZanID, mbele na nyuma. Pasipoti. Majibu ya hospitali. Maombi ya mkopo wa masomo. Mafaili mengi yamepewa jina la mwenyewe, na mengine yana jina la mtoto. Nyuma ya kivinjari kile kile WhatsApp ya mteja wa asubuhi ilikuwa bado imefunguka, mazungumzo yake yote yanasomeka.

Dada ni mtu mwaminifu, hajawahi kumtazamia mtu karatasi yake. Hakuona kama anakusanya. Mtu akija anachapishiwa, faili linabaki, kesho anakuja mwengine. Lakini mimi nilikuwa nimetumia mwaka mzima kuziba njia ya kwenda kwenye seva ya mbali, na karatasi za nusu ya mji zilikuwa zimelala hapa, kwenye kompyuta isiyo na neno la siri, inayotumiwa na yeyote anayeshika duka dada akienda kuswali. Nasema wazi kwamba kama mtu angetaka kumdhuru Maalim, asingehitaji kuvamia seva yoyote duniani. Angekuja na flashi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mmoja katika misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kazi zilizokusanyiwa. Watu wakiisoma sheria hiyo hufikiria mabenki na kampuni za simu. Mimi tangu siku ile nafikiria folda ya dada.

Tulikaa usiku kucha kufuta. Sasa kivinjari cha duka kinafunguka moja kwa moja kwenye dirisha la faragha. Kila mteja faili lake linahifadhiwa kwenye folda moja inayoitwa "Leo", na akimaliza anageuziwa skrini aone likifutwa, pamoja na kutolewa kwenye pipa la taka. Mimi nami niliongeza sentensi kwenye ukurasa, chini ya kitufe cha kuhifadhi: "Kama kompyuta hii si yako, faili litabaki hapa mpaka ulifute." Mwenzangu mmoja wa Unguja alinishauri niiondoe, inatisha watu. Nimeiacha. Sentensi hiyo ndiyo inayomfanya mtu aniamini kwenye sentensi nyengine, maana nimemwambia jambo ambalo ningeweza kulinyamazia.

Jengine dogo lililotokea siku ile. Maalim alitaka kuficha namba za vitambulisho vya watoto wa marehemu. Ukurasa wangu ulikuwa na kifutio cha kupaka mstatili mweusi. Nilikuwa nimeshaanza kumpakia weusi nilipokumbuka kwamba mstatili wangu ulikuwa unawekwa juu tu, kama kibandiko. Kilicho chini kinabaki ndani ya faili na anayejua anaweza kukibandua. Mwezi wa Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump nchini Marekani, waliwasilisha mahakamani waraka wenye sehemu zilizopakwa weusi, na waandishi wa habari wakayanakili maneno yaliyo chini yake na kuyasoma. Nilimwambia Maalim asubiri, nikamtolea karatasi zile, akazifunika namba kwa vipande vya karatasi, tukaziskani upya. Kifutio nilikiondoa kabisa kwa mwezi mmoja, kikarudi pale kilipoweza kuugeuza ukurasa wote kuwa picha mpya ambamo weusi na karatasi ni kitu kimoja.

Lililobaki

Kijana wa chuo alikuwa na swali moja la mwisho, na hilo halina dawa kamili. "Leo ukurasa ni safi, nimeuona. Kesho ukiubadilisha, nani atajua?" Msimbo wangu uko wazi kwa anayetaka kuusoma, lakini kinachofunguka kwenye kivinjari ni kile nilichokiweka kwenye seva asubuhi hiyo. Naweza kuharibika mimi. Naweza kuibiwa neno la siri na mtu akauharibu kwa jina langu.

Tulichofanya ni kuukusanya ukurasa wote, maandishi na programu, ukawa faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila ya intaneti tangu mwanzo. Kijana alilikagua lile toleo siku mbili. Dada ameliweka kwenye flashi iliyobandikwa plasta nyeupe yenye tarehe, inakaa kwenye droo ya fedha. Halibadiliki mpaka yeye aamue kulibadilisha. Hasara yake ni kwamba nikirekebisha kosa, duka la dada halipati marekebisho mpaka nivuke tena au kijana alikague jengine. Tumezungumza, na sote watatu tumeona ni bora hivyo.

Wiki mbili baada ya kurudi Unguja dada alinipigia. Maalim kaja na bibi mmoja wa Wawi, jirani yake, ana karatasi za kiwanja. Bibi kasimama mlangoni na pochi yake, haingii wala hatoki. Maalim hakumueleza kinu wala mashine. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza akanyoosha mkono.

"Mwanangu, lete ile simu. Leo atakaa nayo yeye."